Mchoro Wasema Hivi, Maandishi Yasema Vile

Mwanafunzi ameandika: "Mmea hutengeneza chakula chake kwenye majani kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa." Sentensi haina kasoro. Ukiisahihisha peke yake, inapata alama zote. Juu yake, kwenye karatasi hiyohiyo, amechora mmea. Jua lipo pembeni, limekaa tu, hakuna hata mshale mmoja unaotoka kwake kwenda kwenye jani. Chini ya ardhi kuna vidoti vingi vilivyoandikwa "chakula", na mishale minne inavipandisha kupitia mizizi, kwenye shina, hadi majanini. Hicho ndicho anachoamini. Sentensi aliikariri, mchoro kaufikiria mwenyewe.

Karatasi ya umeme mara nyingi huja kinyume chake. Umewaambia wachore betri moja, waya na balbu, ili balbu iwake, halafu waandike umeme unapita wapi. Mchoro wa mwanafunzi uko sawa kabisa: waya mmoja kutoka upande mmoja wa betri hadi ncha ya chini ya balbu, wa pili kutoka ubavuni mwa balbu kurudi upande mwingine wa betri. Sakiti imekamilika. Chini yake anaandika: "Umeme unatoka pande zote mbili unagongana ndani ya balbu ndiyo maana inawaka." Ungesahihisha mchoro tu, usingejua kamwe.

Walimu wengi wanaoanza kupima uelewa wa wanafunzi kwa michoro pamoja na maandishi huvipa alama mbili tofauti, kumi za mchoro, kumi za maelezo, kisha hujumlisha. Hapo ndipo faida yote inapopotea. Habari unayoitafuta iko pale mchoro na maandishi vinapopishana, na jumla ya alama hulifunika pengo hilo. Kila hatua ninayoieleza hapa, kuanzia swali hadi kurudisha karatasi, imepangwa ili pengo hilo lionekane.

Kazi huanza kuharibika kwenye swali. Ukisema "Chora mzunguko wa maji", utaletewa picha ya kitabuni: bahari upande mmoja, mlima upande mwingine, wingu katikati, mishale mitatu. Karatasi hamsini zinafanana, nawe umepima kumbukumbu ya macho. Badilisha hali ili jibu lisipatikane kitabuni. "Sahani yenye maji kidogo imewekwa kivulini ndani ya chumba. Kesho yake maji hayapo. Chora yalivyoondoka, kisha andika yako wapi sasa." Hapo ndipo utaona mambo. Kuna atakayechora maji yakipenya chini ya sahani. Kuna atakayechora jua ingawa umesema kivulini, kwa sababu kwake maji hayawezi kukauka bila jua. Kuna atakayeandika "yamekwisha", na mchoro wake wa pili ni sahani tupu, basi, kana kwamba maji yanaweza kutoweka ulimwenguni. Kila moja kati ya hayo lina dawa yake, na hakuna hata moja ambalo picha ya bahari na mlima ingekuonyesha.

Swali zuri la aina hii lina tukio moja tu, lina kitu kisichoonekana kwa macho (kilicho ndani, kilicho kidogo mno, au kilichotokea hakuna mtu akitazama), na mara nyingi lina kabla na baada. "Chora moyo" ni swali la jina. "Chora tone moja la damu linavyosafiri kutoka kwenye kidole cha mguu hadi lirudi palepale" ni swali la uelewa. Maneno ya kutumia ni *kinachotokea*, *linavyosafiri*, *kwa nini*. Kama swali lako linajibika kwa kitu kilichosimama tu na majina ya sehemu zake, andika swali jingine.

Karatasi nayo ina mchango wake. A4 moja iliyosimama wima inatosha. Piga kisanduku cha kuchorea chenye kimo cha sentimita 15 hivi, upana wote wa karatasi. Chini yake weka mistari sita hadi minane. Mwisho kabisa acha sentimita tatu kwa ajili ya swali la tatu, ambalo wengi hulisahau: "Je, mchoro wako na maandishi yako vinasema jambo moja? Kama kuna kilichokosekana upande mmoja, kiongeze." Jina na tarehe viandikwe nyuma. Sababu ni ya kibinadamu tu: ukishaona jina la yule anayeongoza darasa, jicho lako litasamehe mshale uliokosekana. Ukiona jina la mtundu, halitasamehe.

Ukikosa karatasi za ziada, ukurasa wa daftari uliokunjwa katikati unafaa vilevile, mradi nusu ya juu iwe ya mchoro na nusu ya chini ya maneno. Kilicho muhimu ni vyote viwili viwe upande mmoja wa karatasi, vionekane kwa pamoja bila kufunua.

Muda: dakika 12 za kuchora, 8 za kuandika, 3 za kulinganisha. Jumla ni dakika 23, zinaingia kwenye kipindi cha dakika 40 na nafasi ya maelekezo inabaki. Mchoro utangulie. Wakianza na maandishi, mchoro unakuwa pambo la sentensi ambayo tayari wameshaikubali, wanachora ili ufanane nayo, na mgongano ulioutaka unakufa kabla hujauona. Wakianza kuchora, mkono unalazimika kuamua mambo ambayo sentensi hukwepa: mshale unaanzia wapi, unaishia wapi, chembe zimekaribiana kiasi gani, kipi kimegusana na kipi. Mtu anaweza kuandika "joto hufanya chembe zisogee mbali" bila kuamua lolote kuhusu chembe zenyewe. Akichora, ataamua. Na wengi watachora chembe zilezile zikiwa kubwa zaidi, zimevimba kwa joto.

Penseli tupu, bila rangi. Ukiruhusu rangi, dakika tisa kati ya kumi na mbili zitakwenda kwenye anga la bluu. Rangi iruhusiwe pale tu inapobeba maana, kwa mfano damu yenye oksijeni na isiyo nayo. Kifutio nacho kikae mkobani: aliyebadili mawazo akate kwa mstari mmoja, kilichokatwa kiendelee kusomeka. Wanafunzi waliozoeshwa usafi wa daftari watakataa, wengine kwa uchungu wa kweli. Waambie mapema kwamba mstari uliokatwa haupunguzi alama. Wazo lililokatwa mara nyingine lina thamani kuliko lililobaki, kwa sababu linakuonyesha mahali ambapo mwanafunzi alisitasita.

Halafu kuna wale wa "mimi sijui kuchora". Wapo kila darasa, na kadiri umri unavyopanda ndivyo wanavyoongezeka. Mtoto wa miaka saba anachora chochote, kijana wa miaka kumi na tano anaona aibu. Maneno ya kumtia moyo hayasaidii sana. Kinachosaidia ni wewe mwenyewe kuchora vibaya mbele yao. Simama ubaoni, kwa dakika moja chora sufuria inayochemka: mstatili, mistari mitatu iliyopinda, mshale mmoja, maneno mawili. Iache ionekane mbaya, kisha ifute. Ila mfano wako uwe wa mada nyingine kabisa. Ukichora kitu kinachokaribiana na swali, utarudishiwa mchoro wako mwenyewe mara hamsini.

Mishale inahitaji sheria yake, maana ndiyo inayoleta utata kuliko kitu kingine chochote. Mwanafunzi mmoja anatumia mshale kuonyesha jina la sehemu, mwingine mwendo, mwingine "hiki kinasababisha kile", na wapo wanaotumia kwa maana zote tatu ndani ya mchoro mmoja. Agiza hivi: mstari usio na kichwa ni wa jina la sehemu, na kila mshale wenye kichwa uandikwe neno moja kando yake: *maji*, *mwanga*, *joto*, *umeme*. Sheria hiyo moja inakupunguzia nusu ya maswali ya baadaye. Inafichua pia mambo. Waambie wachore mtu anavyokiona kichuguu cha mchwa kilicho mbali naye wakati wa mchana, na utapata mishale inayotoka jichoni kwenda kwenye kichuguu, imeandikwa "kuona".

Wakati wanachora, mwalimu anatembea akiwa amefunga mikono nyuma. "Umesahau mizizi" ni kufundisha, na karatasi ile haipimi tena. Mwanafunzi akiuliza, "Nichore na mizizi?", jibu ni moja: "Chora unachoona kinahitajika." Linaudhi, najua. Lakini ukilegeza kwa mmoja, safu nzima inasikia.

Sasa kuzisoma. Usianze kutoa alama. Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, tazama mchoro peke yake, jiulize: mtu huyu anaamini nini? Halafu funua, soma. Weka karatasi kwenye fungu mojawapo kati ya manne. Fungu la kwanza: mchoro na maandishi vinakubaliana, na vyote ni sahihi. La pili: vinakubaliana, na vyote si sahihi. La tatu: maandishi ni sahihi, mchoro unayapinga. La nne: mchoro ni sahihi, maandishi ni pungufu au yanaupinga. Kwa sekunde 40 kila karatasi, darasa la 50 linachukua kama dakika 33. Si kidogo, na ndiyo sababu njia hii haifai kila wiki. Mara mbili kwa mada moja, mwanzoni na mwishoni, inatosha.

Mafungu hayo hayatibiwi kwa dawa moja. Fungu la pili ndilo rahisi kuliko linavyoonekana: mwanafunzi ana wazo moja lililoshikamana, si sahihi, lakini ni lake, na jaribio zuri linaweza kulitikisa. Aliyechora waya mmoja tu, mpe betri, waya mmoja na balbu, aunge kama alivyochora, aone kama inawaka. Fungu la tatu ndilo la hatari, kwa sababu ndilo linalofaulu mitihani ya maandishi huku halijaelewa. Ukimrudia kwa maelezo yaleyale atakubali kwa kichwa, maana maelezo anayo tayari. Mpe mchoro wake, mwambie aonyeshe kwa kidole kila neno la sentensi yake liko wapi. "Umeandika mwanga wa jua. Nionyeshe unaingia wapi." Ukimya unaofuata ndio mwanzo wa somo.

Fungu la nne linataka uangalifu, kwani ndani yake kuna watu wa aina mbili waliochanganyika. Kuna yule wa umeme unaogongana, ambaye maandishi yamefichua kosa la kweli. Na kuna yule anayejua vizuri ila lugha inamshinda, hasa anayesoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao. Huyu wa pili ukimpima kwa maandishi peke yake unampima lugha huku ukidhani unampima sayansi. Kuwatofautisha, waulize kwa mdomo dakika moja, kwa lugha wanayoiweza.

Mazungumzo hayo mafupi ni sehemu ya kipimo. Huwezi kuwaita wote hamsini. Ita sita au saba kutoka fungu la tatu na la nne. Uliza "Nieleze mshale huu" au "Hapa pana nini?" Usiulize "Kwa nini hukuchora hewa?", maana hapo umeshamwambia jibu. Anachosema kiandike pembeni kwa wino wa rangi nyingine, kwa maneno yake, na tarehe. Watoto wa madarasa ya mwanzo ambao hawajajua kuandika wapimwe kwa njia hiyohiyo: mtoto anachora, anasema, wewe unaandika chini ya mchoro alivyosema, bila kunyoosha sarufi. Ukinyoosha, umeandika uelewa wako.

Mwanafunzi asiyeona vizuri, au ambaye mkono haumtii, afanye kwa udongo wa mfinyanzi, uzi na vijiti, kisha aeleze. Kinachopimwa ni mpangilio na uhusiano wa vitu, wala si penseli.

Kuna kusoma kupita kiasi pia, na hili huwapata zaidi walimu walioipenda njia. Jua lenye uso na tabasamu halimaanishi mtoto anaamini jua lina uhai. Balbu kubwa kuliko betri si dhana potofu, ni nafasi tu kwenye karatasi. Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti wa watoto 60 wa darasa la kwanza, la tatu na la tano nchini Marekani kuhusu umbo la dunia. Walitumia maswali na michoro, wakaeleza kwamba watoto wengi wana picha zao kichwani: dunia bapa kama sahani, dunia tufe lenye uwazi ambamo watu wanaishi ndani, dunia mbili kwa mpigo. Baadaye watafiti wa Uingereza, Gavin Nobes na Georgia Panagiotaki, waliwapa watu wazima kazi ya kuchora ya namna hiyohiyo, na baadhi ya watu wazima hao wakachora mambo yaleyale ya "kitoto". Maelekezo yenyewe yalikuwa yanawachanganya. Ukikuta theluthi ya darasa imechora kosa moja lisilotarajiwa, kagua kwanza swali lako kabla ya kukagua vichwa vyao.

Mchoro huonyesha pia desturi, si imani peke yake. David Wade Chambers alichapisha mwaka 1983 matokeo ya watoto 4,807 walioombwa kuchora mwanasayansi. Wanasayansi wanawake waliochorwa walikuwa 28 tu, na wote walichorwa na wasichana. Mchoro mmoja hauwezi kukuambia kama mtoto anaamini mwanamke hawezi kuwa mwanasayansi, au kama alichora tu picha ambayo amezoea kuiona. Sentensi mbili chini yake, "Huyu ni nani? Kwa nini umemchora hivi?", zinaanza kulitenganisha hilo. Na mchoro unaotisha au kuhuzunisha haupimwi kwa rubriki, yaani jedwali la vigezo vya alama. Unapelekwa kwa mhusika wa ushauri nasaha, kimyakimya. Mwalimu wa sayansi asijifanye mganga wa nafsi.

Kama alama zinatakiwa, na shuleni hutakiwa, weka vigezo vitatu tu, kila kimoja 0 hadi 3. Kwanza, vitu: vinavyohitajika vipo? Pili, uhusiano: mishale na mpangilio vinaonyesha kipi kinakwenda wapi na kipi kinagusa kipi? Tatu, sababu: maandishi yanaeleza *kwa nini*, au yanarudia tu kilichochorwa? Uzuri hauna alama, na wanafunzi walijue hilo kabla ya kushika penseli. Panapokuwa na mgongano kati ya mchoro na maandishi, kigezo cha pili hakivuki 1, hata upande mmoja ukiwa umekamilika. Kabla ya kusahihisha zote, walimu wawili wachukue karatasi 10 zilezile, kila mmoja azipe alama peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja kwenye kigezo, tatizo liko kwenye maneno ya kigezo. Yaandikwe upya.

Katika hisabati njia ni hiyohiyo, kwa muda mfupi zaidi. Mwanafunzi anaandika kwa usahihi kwamba theluthi moja ni kubwa kuliko robo. Mwambie achore. Anachora mstatili mkubwa uliogawanywa kwa tatu, na mdogo uliogawanywa kwa nne. Jibu lake ni sahihi kwa sababu mstatili wa kwanza ni mkubwa. Hajui kwamba kizima lazima kiwe kimoja. Katika historia, michoro ya sababu na matokeo inafanya kazi, lakini ramani ya mahali hufanya vizuri zaidi. Mada za kukariri, kama majina, tarehe na fasili, ziache zilivyo. Kuzichora ni kupoteza karatasi.

Ukirudisha karatasi, usiandike juu ya mchoro wa mwanafunzi. Andika swali moja pembeni. Mada ikiisha, mpe karatasi ileile ya mwanzo pamoja na kalamu ya wino, arekebishe juu ya penseli yake. Utaona kwa macho mshale upi umehama, na hilo linaeleza zaidi kuliko kulinganisha michoro miwili ambapo wa pili ni nadhifu tu.

Na katika karatasi hizo za mwisho, tafuta zile zilizoharibika baada ya somo. Huwa zipo. Kwenye mada ya misimu ya mwaka, mwanafunzi ambaye mwanzoni hakuwa na maelezo yoyote anaishia kuchora njia ya dunia kama yai refu, na kuandika kwamba ni majira ya joto dunia ikiwa karibu na jua. Wazo hilo limetoka ubaoni. Vitabu vingi huchora njia hiyo kwa ubavu, hivyo inaonekana imerefuka, ilhali umbali halisi hubadilika kidogo tu, kati ya kilomita milioni 147 na 152, na dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati nusu ya kaskazini iko kwenye baridi. Ukikuta karatasi tano za namna hiyo, chora njia ile ubaoni kama inavyoonekana kutoka juu, karibu duara kamili, uonyeshe mhimili ulioinama, kisha uliza upya: "Ni Januari. Chora dunia na jua, onyesha mwanga unavyopiga kaskazini na unavyopiga kusini, halafu andika kwa nini upande mmoja una joto na mwingine una baridi siku hiyohiyo." Anayeamini habari ya umbali hataweza kukamilisha mchoro huo.